Kuachwa na Ndege au Kunyimwa Nafasi?

Istilahi za usafiri wa anga aghalabu husifiwa kwa ufupi wake. Sisi twaona kwamba yafaa kwanza zipimwe kwa jambo lingine: je, zamwonyesha msafiri nani mwenye kosa?

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa Rwamgasa, wilayani Geita, aliyekwenda Mwanza kupanda ndege ya Dar es Salaam. Amewahi, tiketi anayo, lakini hana kiti kwa sababu shirika limeuza tiketi nyingi kuliko viti. Mfasiri aliiteje jambo hili?

Wako waandikao kwamba "ameachwa na ndege". Lakini katika usemi wetu aachwaye ni aliyechelewa, na lawama ni yake. Wengine huandika "amekataliwa kupanda". Hapa pia pana walakini, maana hata mlevi na asiye na hati za safari hukataliwa. Kanuni Na. 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, ijapokuwa haitawali safari za Mwanza, yafaa kuwa kielelezo: yamtenga anayezuiwa kwa sababu za afya, usalama au upungufu wa hati. Twapendekeza "kunyimwa nafasi", kwani anyimwaye hakukosea. Aliye nacho ndiye aliyemzuilia.

Kuna pia "ndege kujaa kupita kiasi". Msomaji atadhani ndege imezidiwa mzigo, na kwamba ameachwa kwa usalama wake. Huko Rwamgasa, mwenye duara akiwaahidi watu mifuko mingi ya mawe kuliko iliyotoka shimoni, hakuna atakayesema duara limejaa; watasema ameahidi asichokuwa nacho. Basi na tuseme "kuuza tiketi kupita viti". Mwaka 1972 Ralph Nader alinyimwa nafasi hivyo huko Marekani. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1976, na hoja yake moja ilikuwa kwamba shirika halikuwaarifu wasafiri kuhusu mazoea hayo. Istilahi ifichayo mtendaji huendeleza ukimya ule ule.

Kanuni tuliyoitaja yaagiza pia watafutwe kwanza wasafiri walio radhi kuacha nafasi zao kwa kupewa manufaa. Kuwaita "wa kujitolea" ni kupotosha, maana ajitoleaye kwetu hadai malipo. "Msafiri aliyeridhia kubaki" ni refu, lakini ni kweli.

Mwisho ni "fidia". Wengine huiandika "kifuta jasho", kana kwamba ni hisani, au "kurudishiwa fedha". Kanuni hiyo yampa aliyenyimwa nafasi yuro 250, 400 au 600 kwa kadiri ya umbali. Tena, mbali na hizo, huchagua kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine. Hizo ni haki mbili. Mfasiri akiziunganisha kuwa moja, msafiri atapokea nauli yake, ashukuru na kwenda zake, asijue kwamba bado anadai.

Twawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya.