Kuisoma Ekseli ya Hilux

Ekseli ya nyuma ya Toyota Hilux kuukuu haibebi namba ya chasisi. Kwa hiyo kujua kama ilitoka kiwandani pamoja na gari au ilifungwa baadaye ni kazi ya kukusanya ushahidi, na fundi anayeifanya vizuri anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Ushahidi wa kwanza hauko kwenye ekseli. Hilux za kizazi cha tano, zilizoanza mwaka 1988 na ambazo bado zinabeba magunia Afrika Mashariki, zina kibati ndani ya chumba cha injini. Kwenye mstari wa giaboksi na ekseli kuna msimbo wa mfano wa G284. Herufi G inataja krauni ya inchi 8, tarakimu mbili za kati zinasimamia uwiano wa meno, na ya mwisho ni idadi ya gia ndogo ndani ya difu. Kibati kinaeleza kilichotoka kiwandani tu. Kilichomo leo lazima kitafutwe chini ya gari.

Hapo hesabu inaanza. Breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma, kwa hiyo itabidi iachiwe. Ndiyo maana magurudumu ya mbele huzuiwa kwa mawe kabla ya jeki kuguswa. Gurudumu moja la nyuma huinuliwa na gari kuegemezwa juu ya stendi, la pili linabaki chini, gia inawekwa huru, kisha tairi na propela hutiwa alama ya chaki. Katika difu ya kawaida, gurudumu lililo juu likizunguka mara mbili, krauni huzunguka mara moja. Tairi ikizungushwa mara 20 na propela ikatimiza mizunguko 41, basi krauni ina meno 41 kwa 10 ya pinioni: uwiano wa 4.1. Propela ikivuka mizunguko 45 na nusu, ni meno 41 kwa 9, yaani 4.556. Wapo wanaozungusha mara mbili na kukisia. Fundi makini hufika 20, kwa sababu kosa dogo la jicho hupungua kadiri mizunguko inavyoongezeka.

Hesabu hiyo ina uzito. Gari lililoundwa kwa 4.1 likifungwa 4.556, mshale wa spidi utasoma kama 100 wakati mwendo halisi ni 90. Kwa gari la magurudumu manne, difu ya mbele nayo huhesabiwa: zikitofautiana, gia za mbele zikiunganishwa juu ya lami, propela na ekseli hukazana hadi kitu kiachie.

Uwiano ukilingana bado kuna swali. Difu ya Hilux hutolewa kwa mbele ya hauzingi, baada ya shafti mbili za ekseli kuvutwa pembeni. Hauzingi inaweza kuwa ya asili na difu ikawa ya gari jingine, au kinyume chake. Hapa macho na vidole ndiyo vipimo. Vikalio vya springi huchunguzwa kama welding yake ni ya kiwandani, nyororo na ya sawasawa, au ina makovu ya grainda. Kishikio cha fimbo ya vali ya breki, ile inayopima mzigo wa nyuma, hutafutwa mahali pake. Kikiwa kimekatwa au kuchomelewa upya, hauzingi imetoka kwingine au imewahi kufanyiwa kazi nzito.

Ugumu wa mwisho unatokana na soko. Kwenye maduka ya vipuri kama yale ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, difu iliyotumika inaweza kuwa na msimbo uleule wa kibati. Ikifungwa kwa ustadi, hesabu italingana na welding haitasema lolote. Kwa hiyo fundi mkweli husema ekseli ni ya aina iliyotajwa kwenye kibati, na kwamba hakuna dalili ya kubadilishwa. Hasemi zaidi ya hapo. Kama hesabu na kibati vimepingana, beringi, sili na krauni huagizwa kwa kufuata kilichokutwa chini ya gari, na uwiano mpya huandikwa kwenye kumbukumbu za gari ili fundi anayefuata asiagize kwa kutumia kibati.