Brashi ya Kapteni Grant

Anayechora kwa rangi za maji hapa Bagamoyo anaijua hewa ya pwani kwa ubishi wake. Unyevunyevu hauachi karatasi ikauke upesi, na ukiharakisha tabaka la pili, la kwanza linavurugika. Tena nyeupe haipakwi, inaachwa. Kabla hujalowesha brashi umeshaamua mwanga utakaa wapi. Ukikosea tu, hakuna kurudi.

Ndiyo maana namstahi James Augustus Grant, Mskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827. Historia humtaja nyuma ya John Hanning Speke, kama kivuli. Lakini msafara wao ulipoondoka Bagamoyo Oktoba 1860 kwenda kutafuta chanzo cha Nile, mchoraji wa rangi za maji alikuwa yeye, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vibaya kule Lucknow, India, mwaka 1857. Walibeba kamera pia. Zama zile picha ilisafishwa kwa dawa papo hapo, ndani ya kihema chenye giza, na joto la humo lilimlemea Grant hata Speke akahofia litamuua. Kamera ikawekwa kando.

Mimi nalishukuru joto lile. Kamera ya siku hizo isingeujua wekundu wa udongo wala ukijani wa mvua za kwanza. Na Grant alikuwa mkusanyaji wa mimea. Mtu anayekausha majani ya mti na kuyahifadhi hawezi kuuchora mti huo kivivu.

Kidonda cha mguu kilimlaza miezi kadhaa Karagwe, kwa Mfalme Rumanika. Julai 1862, Speke aliposimama pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, Grant hakuwa naye. Aliyezoea kutazama kwa brashi alikosa kuona. Aliyeona akapewa sifa.

Kitabu cha Speke kilipotoka 1863, picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant, ila zilikwisha kupita kwa wachongaji wa vibao vya kuchapia wa Uingereza. Rangi yote ikabaki nje.

Alikuwa askari wa dola, sisahau, na mizigo ya safari ile ilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Leo karatasi zake, pamoja na michoro, zimehifadhiwa maktaba ya taifa ya Scotland, Edinburgh. Nakala chache za michoro hiyo zingetundikwa Caravan Serai, kituo cha kale cha misafara hapa Bagamoyo, wachoraji wetu wangezikagua kwa jicho la fundi, na wangekuwa na la kusema.