Seva ya Bandia Ndani ya ODK Collect

Mdadisi mwenye programu ya ODK Collect kwenye simu anaweza kushuka mteremko wa kilima cha Mbuya akijaza dodoso nyumba kwa nyumba bila intaneti. Majibu yatakaa humo humo mpaka mtandao upatikane. Shule ya Afya ya Umma ya Makerere ilianza kuendesha hivyo tafiti za uzazi wa mpango za mradi wa PMA mwaka 2014. Patamu ni wakati wa kutuma. Seva ikikata njiani, fomu isipotee, wala isihesabiwe kuwa imefika.

Utaijaribuje hali hiyo? Huwezi kukaa ukingoja seva halisi iharibike. Ndani ya Collect, klasi inayotuma fomu, InstanceServerUploader, haijiundii chombo cha mtandao. Hukabidhiwa kupitia konstrakta, na inachokifahamu ni kiolesura tu, OpenRosaHttpInterface. Nani akae nyuma ya kiolesura hicho huamuliwa na moduli iitwayo AppDependencyModule. Kwenye simu ya mdadisi hukaa OkHttpConnection, chombo halisi cha mtandao. Kwenye majaribio moduli hiyo hubatilishwa, akaingia StubOpenRosaServer: seva ya bandia isiyogusa mtandao kabisa, ambayo waweza kuiamuru ikatae kila ombi. Klasi inayotuma haibadilishwi hata herufi.

Kuviunganisha vipande hivi ni kazi ya Dagger, maktaba iliyotoka Square mwaka 2012. Toleo la pili, la Google, likaja 2015. Maktaba iliyozitangulia, Guice ya 2007, huchunguza klasi programu ikiwa tayari inaendeshwa. Dagger 2 humaliza hesabu zake wakati wa kukompaili, ikaacha msimbo wa kawaida wa Java. Kwenye simu ya bei rahisi nafuu hiyo inaonekana, na kitegemezi (kipande ambacho klasi inakihitaji) kilichosahaulika hugunduliwa mezani kwa mtengenezaji badala ya mlangoni kwa mhojiwa.

Ila nafuu hiyo ni ya simu. Mtengenezaji yeye hupambana na ujumbe wa makosa mrefu unaotaja klasi asizowahi kuziandika. Programu ya klasi chache sioni kwa nini ibebeshwe mzigo huo. Mbinu hii ya kukabidhi vitegemezi, ambayo Martin Fowler aliipa jina mwaka 2004, yatosha kufanywa kwa mkono, kitu kimoja kikikabidhiwa kingine kwenye konstrakta.

Na hata Collect ina mwanya. Skrini za Android huundwa na mfumo wenyewe, kwa hiyo konstrakta zake hazikabidhiwi kitu. Skrini lazima iombe vitegemezi vyake kwa mstari mmoja wa DaggerUtils. Ukiusahau mstari huo, kompaila hainong'oni. Programu itaanguka pale skrini inapokigusa kitegemezi chake.