Mkimbiaji wa Nne

Machi 2002, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Leopardstown mjini Dublin, Mtanzania John Yuda alimaliza wa pili katika mbio ndefu za wanaume za ubingwa wa dunia wa nyika. Aliyemtangulia alikuwa kijana wa Ethiopia ambaye dunia ndiyo kwanza ilikuwa inalizoea jina lake, Kenenisa Bekele. Mkenya wa kwanza alikuja nyuma ya Yuda. Hata hivyo ubingwa wa timu ulikwenda Kenya, kama ulivyokwenda Kenya kila mwaka tangu 1986, na mwaka uliofuata wakauchukua tena: miaka 18 mfululizo.

Mbio za nyika zina hesabu yake, na wengi wanaozitazama hawaijui. Timu huingiza wakimbiaji sita. Nafasi walizoshika wanne wa kwanza hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Tuseme timu moja ina vipaji viwili vya ajabu: wanashika nafasi ya kwanza na ya pili, kisha wenzao wanafika wa 30 na wa 40. Jumla ni 73. Timu nyingine haina hata mmoja wa kupanda jukwaani. Watu wake wanafika wa 12, wa 14, wa 16 na wa 18. Jumla ni 60. Hao wasiopigwa picha ndio mabingwa. Wa kwanza mara nyingi huwa ni majaliwa, mtoto aliyekuja na pumzi zake kutoka kwao. Wa nne hutengenezwa, na ninayetaka kumsifu ni fundi wake, hasa yule anayefanya kazi hiyo Kasulu na Kibondo, mahali ambapo hakuna anayemtuma kuifanya.

Kasulu na Kibondo ziko Kigoma, na huu ni mkoa wa soka. Umewatoa Sunday Manara na Juma Kaseja, na kijana wa Kigoma akiambiwa ana miguu mizuri hufikiria mpira. Lakini Kigoma ya soka ni ile ya chini, ya Ujiji na mwalo wa ziwa, mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kutoka ziwani kuelekea Kasulu, kisha ukaendelea kaskazini hadi Kibondo, unaingia nchi nyingine: milima ya udongo mwekundu, migomba, mashamba ya maharage na muhogo, barabara zinazopanda na kushuka bila kukupa sehemu ya kupumulia. Mtoto wa huku anakwenda shule kwa miguu, anateka maji kwa miguu, anakwenda gulioni kwa miguu. Mgeni akimwona anavyoupanda mlima na dumu kichwani, husema papo hapo kwamba huyu ni mkimbiaji.

Hapo ndipo ninapokosana na wageni. Mlima haumfundishi mtu kukimbia. Unampa mapaja na kifua, basi. Kama mwinuko peke yake ungetosha, Mufindi na Makete zingekuwa zimejaa medali. Tena Kibondo si Iten. Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya, uko kwenye mita 2,400 hivi, na vilima vya Buha, nchi hii ya Kasulu na Kibondo, haviukaribii.

Mfano mzuri zaidi uko karibu. Vuka mpaka kutoka Kibondo uingie Burundi, uko Ruyigi. Vilima ni vilevile, na lugha ya huko na Kiha cha upande wetu ni watoto wa mama mmoja. Huko ndiko alikozaliwa Francine Niyonsaba, aliyepata fedha ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio 2016, kisha akahamia mbio ndefu na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Kusini zaidi, Vugizo, ndiko alikotoka Venuste Niyongabo, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 huko Atlanta 1996. Medali zote mbili za Olimpiki ambazo Burundi inazo zimeletwa na hao wawili. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukugawa mapafu. Kilichotofautiana pande hizi mbili ni mikono iliyowapokea watoto.

Upande wetu, mikono hiyo ni ya mwalimu wa michezo wa shule ya kata. Ana vipindi vyake vya jiografia au Kiswahili kama wenzake, na michezo ni nyongeza isiyo na posho. Kiwanja chake ni kile cha mpira, chenye mteremko upande mmoja, na timu ya soka inakitaka. Kwa hiyo yeye hutoka nje ya uzio na kutafuta njia: kando ya shamba, kuvuka kijito, kupanda hadi kanisani, kurudi kwa barabara ya changarawe. Anahitaji kujua urefu wake. Anachukua baiskeli, anatia alama kwenye tairi, anaisukuma na kuhesabu. Tairi la inchi 28 likizunguka mara 450 hivi, ni kilomita moja. Anayecheka ajue kwamba njia za marathoni kubwa duniani nazo hupimwa kwa baiskeli, ila yao ina kifaa cha kuhesabu na yake ina mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kijiti na daftari.

Kupata watoto si kazi, kwa sababu shule zetu zina mchakamchaka. Sijui kama waliouanzisha walifikiria riadha. Ulikuwa wa kuamsha damu na kuleta nidhamu. Lakini tazama unachofundisha: mamia ya watoto wanakimbia kwa hatua moja, wimbo unawashika, wa mbele hawezi kuukimbia na wa nyuma anavutwa nao. Mwalimu mwenye jicho hasimami mbele. Anakaa pembeni, kipande cha mwisho cha kilima, anatazama nani bado anaitikia wimbo kwa sauti kamili. Anayeimba wakati wenzake wanahema, huyo anaandikwa jina.

Kisha huja sehemu ngumu, na ndiyo ninayoipenda. Mwalimu asiyejua hufurahi akipata mmoja mwenye kasi, akampa muda wake wote. Anayejua huanza kuhangaika na umbali kati ya huyo na wa nne. Zoezi lake la kilima ni rahisi kulieleza: kundi linapanda; atakayefika juu wa kwanza hakai kungoja, anageuka, anashuka hadi kwa wa mwisho na kupanda naye tena. Mwenye nguvu anapata kilima kimoja na nusu wakati wenzake wanapata kimoja, na hakuna aliyeachwa peke yake. Siku ya mbio ndefu za polepole, kasi inapangwa na wa nne. Wa kwanza akichomoka anaitwa arudi. Siku ya kasi anaachiwa. Katikati ya wiki wanapumzika, jambo ambalo wazazi hulishangaa, maana kwao mtoto anayepumzika ni wa kutumwa dukani.

Simu ya mkononi inatosha kuhesabia sekunde. Anachoandika si muda wa mshindi bali pengo: wa kwanza hadi wa nne dakika mbili na nusu mwezi wa pili, mbili kamili mwezi wa tatu, moja na nusu mwezi wa tano. Pengo likifungwa kwa sababu wa nyuma wamesogea, kazi inakwenda. Likifungwa kwa sababu wa mbele amechoka, mwalimu anajua amewaua kwa mazoezi na anapunguza. Hakuna kitabu kitakachomwambia ni lipi kati ya hayo mawili limetokea; anasoma nyuso, anauliza mtoto amekula nini jana.

Chakula ni nusu ya kazi. Ugali wa muhogo unashibisha, lakini haujengi mwili kama unavyojaza tumbo. Bahati nzuri nyanda hizi zina maharage, na dagaa wa ziwani hupanda hadi masoko ya Kasulu. Msichana anayekimbia na kuingia hedhi anahitaji damu yake irudi, na mwalimu makini hulisema hilo kwa mama yake, tena kwa heshima, kupitia mwalimu wa kike. Wasichana ndio mtihani wa ufundi huu. Wavulana wakimaliza vipindi wako huru. Msichana anasubiriwa na maji, kuni na mdogo wake. Mwalimu anakwenda hadi nyumbani, anaamkia, anaketi, anazungumza kwanza habari za mvua na mbegu. Anaomba saa moja kwa siku tatu za wiki, na anaahidi kumrudisha binti kabla ya giza. Akivunja ahadi hiyo mara moja tu, kijiji kizima kimefunga mlango.

Iten nayo ilianza na mwalimu wa shule. Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama watoto, na miaka mingi baadaye David Rudisha wa mikono yake akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Wanaokwenda Iten leo hupiga picha lango la mji na kuzungumzia hewa nyembamba. Mimi ningewauliza habari za miaka yake ya kwanza, alipokuwa na darasa, daftari na watoto wa bweni.

Yeye aliendelea kuwepo; sisi, kukosa kuendelea huko ndiko kumetuangusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha michezo ya shule kwa madai kwamba inaharibu masomo. UMISSETA na UMITASHUMTA, mashindano ya shule za sekondari na za msingi, yakanyamaza kwa miaka kadhaa, kisha yakarudishwa. Ukikata mnyororo wa namna hiyo hupotezi wakimbiaji wa miaka hiyo tu. Unapoteza pia wale ambao wangekuwa walimu wao baadaye. Ufundi huu ni kama mche wa kahawa wa Manyovu: ukiung'oa leo na kuupanda upya kesho, unaanza kungoja tena miaka mitatu.

Walioshika uzi hawakupata sifa. Baadhi walipitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wengine vyuo vya ualimu, wengi walijifunza kwa kukosea. Na ngazi ya mashindano inawanyang'anya kazi yao kila mwaka: shule inachujwa kwenye kata, kata kwenye wilaya, wilaya kwenye mkoa. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, na timu ya mkoa inapoundwa, wale wanne waliozoeana pumzi wanagawanyika: anachukuliwa mmoja, labda wawili. Wanakwenda kambini na magodoro yao, kisha safari ya Mtwara, au Tabora, au popote mashindano ya taifa yalipopangwa. Wakishinda, umeshinda mkoa. Mwalimu anasoma matokeo kwenye simu. Akipata bahati, kijana wake ataonwa na kuingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), pengine Mtabila hapo hapo Kasulu, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi hadi 2012. Na kutoka jeshini njia ya kuelekea timu ya taifa inaonekana. Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, ni mtoto wa kijiji cha Singida na ni askari.

Kuna kisa kimoja cha majirani zetu ambacho ningependa kila mwalimu wa riadha akisimulie kambini. Burundi ilikuwa haijawahi kushiriki Olimpiki kabla ya 1996, na aliyepigania sana ishiriki ni mkimbiaji Dieudonné Kwizera, ambaye Olimpiki zilizotangulia zilimpita kwa sababu nchi yake haikuwamo. Ilipokubaliwa, ilionekana ataishia kwenda Atlanta kama kocha. Niyongabo, mmoja wa wakimbiaji bora wa mita 1,500 duniani wakati huo, akaiacha nafasi yake katika mbio hizo ili Kwizera naye akimbie, na mwenyewe akaingia mita 5,000, mbio alizokuwa na uzoefu mdogo nazo. Akashinda kwa dakika 13:07.96, mbele ya Mkenya Paul Bitok. Tunasema riadha ni mchezo wa mtu mmoja mmoja, na bado medali hiyo ilianza na mtu kumpisha mwenzake.

Ushauri wangu kwa Kasulu na Kibondo ni mdogo na wa bei nafuu. Mwaka 2017, ubingwa wa dunia wa nyika ulipofanyika Kampala, kwa mara ya kwanza kulikuwa na mbio za kupokezana za mseto: wanawake wawili na wanaume wawili, kila mmoja kilomita mbili hivi. Zinalingana na mifuko yetu. Watu wanne wanaingia gari dogo pamoja na mwalimu wao, na wasichana wana thamani sawa na wavulana kwenye matokeo, hivyo hakuna mkurugenzi wa halmashauri atakayewaacha nyumbani kubana matumizi. Ningekuwa afisa michezo wa wilaya, ningeanzia hapo, nikamwomba mwalimu aniletee wanane badala ya wanne: kikosi cha kwanza na cha akiba. Ningevikimbiza vyote viwili asubuhi moja kwenye njia moja. Kikosi cha kwanza kingenionyesha wilaya imejaliwa nini. Cha akiba, kikifika sekunde chache nyuma yake, kingenionyesha nimpe nani mafuta ya gari na ruhusa ya kuondoka kazini mwezi wa sita.