Waketwa ni Akina Nani? Mwandishi, Mgeni na Swali la Redioni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyashughulikia kwa kirefu matini yaliyochapishwa, na kwa kiasi fulani masimulizi ya wazee. Mahojiano ya redioni, ambamo waandishi na wageni wengine hualikwa kujadili masuala ya jamii, yameachwa kando kana kwamba ni porojo za kupisha muda. Msimamo huo una kasoro. Kwa msikilizaji wa Manga, pale kwenye mwinuko unaotazama Kisii upande mmoja na Nyamira upande wa pili, mjadala wa redio huenda ukawa ndio uhakiki pekee wa riwaya atakaowahi kuusikia. Tukiupuuza, tunawaachia wengine kazi yetu.

Makala haya yanachunguza swali moja tu la mahojiano hayo. Nililisikia nikiwa nyumbani Manga, katika kipindi cha asubuhi cha kituo ambacho hakuna haja ya kukitaja. Mada ilikuwa ukabila. Mgeni alikuwa mwalimu wa sekondari, na kitabu kilichojadiliwa ni Nguu za Jadi (2021), riwaya ya Clara Momanyi iliyoteuliwa kufundishwa shuleni. Mtangazaji hakukawia. Aliuliza: “Mwalimu, tuambie ukweli, hawa Waketwa ni akina nani hasa hapa Kenya?” Mwalimu akacheka, kisha akanyamaza. Mtangazaji akaweka wimbo.

Swali hilo linaonekana la kawaida, hata la kijasiri. Kwa kweli linaivunja riwaya. Momanyi ameunda nchi ya Matuo na makabila mawili, Waketwa na Wakule, ambayo hayapatikani katika ramani yoyote. Si woga uliomfanya abuni majina hayo. Majina ya kubuni humruhusu msomaji wa kabila lolote kujiona mara moja katika aliyeonewa na mara nyingine, kwa uchungu, katika aliyeonea. Pindi Waketwa wanapopewa jina halisi, nusu ya wasikilizaji wanakuwa mashahidi wa kudhulumiwa kwao na nusu ya pili washtakiwa. Hakuna tena anayesoma.

Nasi hatudai kwamba riwaya haina uhusiano na historia. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ulikumbwa na mapigano baina ya Wagusii na Wakipsigis. Mwaka huohuo Tume ya Waki ilivitaja vituo vya redio vya lugha za kienyeji, pamoja na simu za wasikilizaji wao, miongoni mwa vilivyochochea chuki nchini. Kwa hiyo swali la mtangazaji liliulizwa mahali ambapo jibu lake lina uzito wa jiwe mkononi.

Kipindi kile kilikuwa cha Ekegusii. Baada ya wimbo, msikilizaji mmoja alipiga simu na kusema “Abaketwa”. Kiambishi kile kidogo kilitosha: kabila la kubuni lilivikwa umbo lilelile tunalotumia kuwataja jirani zetu. Wanaisimu wataona hapo unyambuaji wa kawaida tu. Mhakiki hana budi kuona zaidi ya hapo.

Abdilatif Abdalla aliijua tofauti ya usemi wa wazi na usemi wa fumbo kwa gharama kubwa. Kwa ajili ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi?, kilichosema waziwazi, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya mashairi aliyoyatunga gerezani, yumo mamba ambaye kila msomaji anamtambua, ila hakuna anayelazimika kumtaja. Ingekuwaje lau angeulizwa hewani, “Mamba ni nani?” Inafaa kukumbuka kwamba kuanzia 1979 yeye mwenyewe alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London. Ken Walibora naye, mwandishi wa Siku Njema (1996), alifanya kazi ya utangazaji KBC. Fasihi yetu na redio ni ndugu, wala hakuna sababu ya udugu huo kuwa wa kuharibiana.

Kasoro, kwa maoni yetu, haikuwa ya mtangazaji peke yake. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kuuliza “riwaya hii inamlenga nani?” na “ujumbe wake ni upi?” kisha tukatoa alama kwa jibu la mstari mmoja. Alirudisha hewani kile alichokipokea darasani.

Swali jingine liliwezekana. Mrima, mume wa Mangwasha, anapotelea ulevini huku mkewe akibeba mzigo wa familia na wa kabila zima. Kwa nini mwandishi amemweka mwanamume huyu dhaifu upande wa walioonewa, asimweke upande wa wakandamizaji? Hapo mwalimu yule angekuwa na la kusema, na simu kutoka Manga zingekuwa za watu wanaomjua Mrima kwa sura, kwa kuwa wanaishi naye.