Mashine Isiyojali Sura

Sarafu mpya ikizinduliwa, anayesifiwa ni mchoraji. Watu huigeuza kiganjani wakitazama kichwa cha rais, simba, tembo au ngao ya taifa. Mashine inayolishwa sarafu haina habari na hayo. Ndani yake ni giza, na kufumba na kufumbua lazima iwe imeamua kama kilichoingia ni pesa au ni washa iliyookotwa gereji. Swali lake ni moja: wewe ni madini gani?

Mara nyingi jibu ni shaba, iwe safi au imechanganywa na kitu kingine. Kwa hiyo naona mtu wa Kolwezi, mji wa machimbo ya shaba katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, ana sababu ya kuistahi mashine hii kuliko wengi, ingawa mjini humo hana cha kuilisha. Sarafu za makuta zilizotolewa mwaka 1967 zimekwisha kazi zamani, na faranga iliyochukua nafasi ya pesa ya zaire mwaka 1998 ililetwa kwa karatasi tupu. Hata sentimu moja ilikuwa noti. Lualaba inachimba shaba, inaipakia kwenye malori ya kwenda bandarini, kisha inanunua mkate kwa noti zilizochakaa na dola ambazo muuzaji hazitaki zikiwa na mpasuko hata wa unywele.

Wa kwanza tunayemjua kuandika juu ya mashine ya sarafu ni Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza. Chombo chake kiligawa maji ya ibada hekaluni: sarafu ya drakma tano iliangukia kisahani, kisahani kikainamisha wenzo, wenzo ukafungua bomba, kisha sarafu ikateleza na bomba likajifunga. Ni kazi nzuri, lakini chombo kile kiliamini uzito tu. Kokoto lenye uzito uleule lingepewa maji. Ufundi niusifuo hapa ulizaliwa watu walipoanza kuyakataa makokoto.

Fungua kichagua-sarafu cha zamani, kile kisicho na umeme, ambacho kwa miaka mingi kilikaa ndani ya vibanda vya simu na mashine za sigara. Utaona mabamba mawili ya chuma, vichochoro vichache, sumaku moja, na vipande vidogo vinavyoning'inia. Tundu la kuingilia ndilo mtihani wa kwanza: kilicho kikubwa mno hakipiti. Kinachopita huangukia kikombe chenye mizani ndogo. Sarafu yenye uzito wake hukiinamisha kikombe na kuendelea na safari. Iliyo nyepesi hukaa hapohapo mpaka mtu abonyeze kitufe cha kurudishiwa. Chuma cha kawaida hunaswa na sumaku, na kitufe hichohicho huja kukikwangua na kukitema.

Baada ya hapo kuna mtihani ambao sichoki kuufikiria. Sarafu hubingirika ikishuka mbele ya sumaku kali. Shaba haivutwi na sumaku, kila mtu anajua. Lakini shaba inayotembea mbele ya sumaku huzaa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo huishika sarafu breki. Madini yanayopitisha umeme vizuri hushikwa sana, yasiyopitisha vizuri huponyoka. Mwisho wa mteremko sarafu huruka hewani, na umbali wa mruko ndio hukumu. Iliyocheleweshwa mno huanguka kabla ya pini, iliyokwenda mbio hugonga upande wa pili na kurudi. Halali pekee ndiyo hutua palipotakiwa. Katika mashine nyingine sarafu hudundishwa kwanza kwenye kipande cha chuma kigumu, maana risasi ni laini na haidundi. Hakuna betri, hakuna waya. Fundi aliyepanga pini zile alikuwa anapima upitishaji umeme kwa kutumia mteremko na hewa.

Na hapo ndipo shaba inapoonyesha ukaidi wake. Chukua shaba safi, ichanganye na nikeli kwa kadiri ya sehemu tatu kwa moja. Utapata ile aloi nyeupe iliyotengenezea sarafu za nchi nyingi, ya makuta 5 ya mwaka 1967 ikiwamo. Robo tatu yake bado ni shaba, lakini uwezo wake wa kupitisha umeme umeshuka hadi karibu asilimia 5 ya ule wa shaba safi. Jicho linaweza kuidhania fedha, au alumini iliyong'arishwa. Sumaku haidanganyiki hata kidogo. Kila mchanganyiko una mwendo wake, na kuuiga mwendo huo ni lazima mghushi anunue aloi ileile, akate kwa kipimo kilekile. Akifika hapo gharama imeshakula faida yake.

Mashine za leo zimeacha kurusha sarafu. Sarafu huingia, hugonga kwanza kijiwe kigumu kinachoizima kasi ili isirukeruke, kisha hupita katikati ya koili zinazopitishiwa umeme wa kubadilika. Sarafu ikikaribia, koili huhisi. Mzunguko wake wa umeme hubadilika kidogo kwa kasi na kwa nguvu, na mabadiliko hayo huandikwa kwa namba. Uzuri uko katika kuuliza mara mbili kwa sauti mbili tofauti. Umeme unaobadilika mara 10,000 kwa sekunde huzama kwenye shaba kama theluthi mbili za milimita. Ukibadilika mara milioni moja hauzami hata sehemu moja ya kumi ya milimita, huambaa juujuu. Kwa hiyo koili moja husoma ngozi na nyingine husoma nyama. Chuma kilichopakwa shaba juu, kama sarafu ya senti 5 ya euro, hujibu jambo moja kwa sauti nyembamba na jambo jingine kwa sauti nzito. Koili zenyewe, usisahau, zimesokotwa kwa waya wa shaba. Ni shaba inayoihoji shaba.

Namba zikishapatikana hulinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu, na hapa fundi huonekana ni mtu wa namna gani. Kwa kila sarafu halali haihifadhiwi namba moja, huhifadhiwa mwanya: kuanzia hapa hadi pale. Mwanya ukiwa mwembamba, sarafu ya bibi iliyolika kwa miaka ishirini itatemwa, naye ataondoka akiamini mashine ni mbovu. Ukiwa mpana, washa zitaingia. Tena kuna joto. Ukinzani wa shaba safi huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, hivyo mashine iliyokaa juani saa nane mchana inaiona dunia tofauti na ilivyoiona alfajiri. Aliyeiunda vizuri huifanya ijipime yenyewe kwanza wakati tundu ni tupu, ijue hali yake kabla ya kuwahukumu wengine.

Si kila mmoja aliunda kwa uangalifu huo. Mwaka 2005 Uturuki ilitoa sarafu ya lira 1 iliyofanana na euro 2 kwa ukubwa na kwa ule muundo wa duara ndani ya pete, huku thamani yake haifiki nusu. Mashine nyingi za Ulaya zilizouliza maswali machache ziliimeza bila kusita. Uturuki ilibadilisha sarafu zake mwaka 2009.

Umbo nalo lina hadithi zake. Mwaka 1943 Kongo ya Wabelgiji ilipewa sarafu ya faranga 2 yenye tembo na pande sita zilizonyooka, iliyopigwa Philadelphia kwa aloi ya shaba na zinki. Mkononi inapendeza na gizani huikosi. Mashine haiiwezi, kwa sababu sarafu hiyo haibingiriki. Waingereza walipotaka sarafu ya peni 50 yenye pande saba mwaka 1969, walizikunja pande kidogo kwa hesabu maalumu, hata ukiipima popote upana wake ni uleule. Ina kona na bado inabingirika. Yule aliyekubali kuhangaika na kona saba kwa ajili ya kichochoro cha chuma asichokiona mtu, huyo namvulia kofia.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wakubwa huidharau, mimi naipenda. Kwenye mashine za bei nafuu, kama zile za kamari ambazo Tanzania huitwa dubwi, kichagua-sarafu mara nyingi hakina kumbukumbu ya namba. Kina kishikizo chenye sarafu moja halali iliyobanwa mbele ya koili. Kila inayoingia hupita mbele ya koili nyingine, na mashine husikiliza kama majibu ya pande mbili yanalingana. Ukitaka mashine ipokee sarafu ya aina nyingine, unachomoa shahidi na kuweka mwingine. Nchi isiyo na sarafu huweka tokeni, na kazi inaendelea.

Kuchambua ni rahisi kuliko kukagua, nitapita haraka. Sarafu hubingirika ikiegemea ukuta wenye madirisha ya urefu unaoongezeka. Ndogo hukutana na dirisha lake kwanza na kutumbukia. Kubwa huwa kichwa chake bado kimeegemea juu ya ukingo, hivyo hupita mpaka ifike kwenye dirisha linaloitosha. Hakuna anayezisukuma. Kazi yote hufanywa na mteremko na mpangilio wa madirisha.

Kutoa chenji ni kugumu zaidi, maana ndani ya beseni sarafu zimelaliana ovyo kama nguo za mtumba sokoni, na mteja anataka tatu, si nne. Chini ya beseni huzunguka sahani yenye matundu. Kila tundu huokota sarafu moja, huibeba hadi mlangoni, na kidole cha springi huifyatua nje ikipita mbele ya mwanga. Mashine huhesabu kivuli, haihesabu mzunguko wa mota, kwa sababu tundu linaweza kupita tupu. Sarafu zikikwama, mota hurudi nyuma kidogo, hutikisa, hujaribu tena. Na kivuli kisipoonekana kwa muda uliowekwa, hukiri kwamba beseni limekwisha.

Lakini kitu ninachokiheshimu kuliko vyote ni kilango kidogo kati ya njia mbili, ya kupokelewa na ya kurudishwa. Kikiachwa bila umeme, hulalia upande wa kurudisha. Mashine hailazimiki kuthibitisha kwamba sarafu ni ya bandia ili ikurudishie. Inalazimika kuthibitisha kwamba ni halali ili iichukue. Umeme wa mtaa ukikatika sarafu ikiwa njiani, mali hurudi kwa mwenyewe.

Turudi kwenye nchi ya shaba: ilikuwa na pesa isiyo na sura muda mrefu kabla ya koili. Wanaakiolojia walioanza kuchimba makaburi ya Sanga mwaka 1957, kando ya Ziwa Kisale ambako mto Lualaba hupita, walikuta misalaba ya shaba imezikwa na wafu. Ya zamani ni mikubwa, na ukubwa wake hutofautiana. Kadiri karne zilivyosonga ikawa midogo, inayolingana, mingine ikiwekwa kwa mafungu. Kulingana huko ndiko kuliwafanya wengi waione kuwa imekuwa pesa. Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliandika mwaka 1926 juu ya wayeyushaji wa Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Kolwezi, waliojulikana kama walaji wa shaba: mawe ya kijani yaliyochaguliwa kwa mkono wakati wa kiangazi, makaa, tanuru la udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi, na shaba iliyomiminwa kwenye kalibu. Aliyeupokea msalaba hakuwa na picha ya kutazama. Alikuwa na umbo, uzito na rangi ya madini. Katanga ilipojitenga na Kongo, sarafu zake za mwaka 1961 ziliuchora msalaba huo upande mmoja na ndizi upande wa pili. Msalaba uliokuwa pesa kwa nyama yake ukawa picha juu ya pesa, yaani kitu ambacho hakuna mashine ingekitazama.

Ukitafuta Kolwezi leo mashine inayouliza "wewe ni madini gani?", nenda Musompo, nje ya mji, kwenye barabara ya Likasi. Mchimbaji hushusha gunia la kobalti mbele ya mnunuzi, na mnunuzi hulielekezea kifaa chenye umbo la bastola. Watu hukiita Metorex. Kifaa hicho hupiga mionzi ya eksirei, atomi zikatikiswa, na kila elementi ikajibu kwa nishati yake: kobalti kiloelektronivolti 6.93, shaba 8.05, chuma 6.40. Ni ufundi mzuri kupita koili, kwa sababu hausomi mchanganyiko kwa jumla. Hutaja elementi mojamoja na kiasi chake. Udhaifu wake ni kwamba husoma ngozi tu. Jiwe lenye maji husomeka vibaya, na gunia moja lina mawe ya kila aina, hivyo aliyeshika kifaa anaweza kuchagua jiwe la kulenga. Bei hufuata namba inayotokea kwenye kioo kilichoelekea kwa mnunuzi. Ugomvi wa Musompo huanzia hapo.

Maabara zina dawa ya hayo: saga, kausha, changanya, gawa kwa robo, kisha pima. Mezani pa mnunuzi muda huo haupo. Lakini ile mashine nafuu ya dubwi ina kitu cha kuazima. Kila meza ya mnunuzi iwe na kopo moja lililofungwa kwa lakiri, lenye unga wa madini ambao kiwango chake kimepimwa maabara na kuandikwa ubavuni, na mchimbaji yeyote awe na haki ya kusema: piga kwanza hilo, nione. Kioo kigeuzwe upande wake. Namba zikilingana, gunia lifunguliwe. Zisipolingana, alibebe aende meza ya pili.