Jina na Umbo: Juu ya Kumbukumbu za Kidijitali za Sanamu za Pembe za Swabia

Katika nyanda za juu za Swabia, kusini mwa Ujerumani, mna mapango ambamo watu wa Zama za Barafu walichonga sanamu ndogo ndogo kwa pembe za mamothi, yule mnyama wa jamii ya ndovu mwenye manyoya marefu aliyekwisha kutoweka duniani. Umri wa sanamu hizo wakadiriwa kuwa kati ya miaka 35,000 na 40,000 hivi, na mwaka 2017 mapango sita ya huko yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi wazisomao leo hawajapata kuzishika mkononi. Wazijuazo ni picha za pande tatu zilizotengenezwa kwa kompyuta, ambazo huweza kugeuzwa, kukuzwa na hata kupasuliwa bila kitu chenyewe kudhurika. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini kila umbo lililohifadhiwa hivyo limefungiwa maneno machache: jina lake, kitu kilichochongwa, na kile kidhaniwacho kuwa ndicho mfano wake. Umbo limepimwa kwa mashine. Maneno hayakupimwa, nayo ndiyo ambayo aghalabu hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu.

Mfano ulio mkubwa ni ule wa pango la Hohlenstein-Stadel. Vipande vyake vilichimbuliwa mwaka 1939, siku chache tu kabla ya vita kuanza, vikawekwa. Ndipo mwaka 1969 Joachim Hahn alipovitambua, vipande vipatavyo 200, akaunganisha kiwiliwili cha binadamu. Matengenezo ya 1987 na 1988 yakadhihirisha kichwa cha simba. Baada ya mwaka 2008 wachimbaji walirudi pangoni, wakachekecha udongo ule ule uliofukiwa mwaka 1939, wakapata vipande vingine vingi. Safari hii vipande viliunganishwa kwanza katika kompyuta. Kisha sanamu yenyewe ikafumuliwa, vijazo vya zamani vikaondolewa, na vipande vipya vikatiwa mahali pake. Kazi ilipokwisha mwaka 2013, kimo kilikuwa kimeongezeka kutoka milimita 296 hadi 311.

Wajerumani humwita *Löwenmensch*. Katika lugha yao sehemu ya mwisho ya neno ambatani ndiyo iliyo kiini, kwa hiyo huyu ni mtu kwanza, na usimba ni sifa yake. Tena *Mensch* ni binadamu tu, mume au mke. Waingereza walipolichukua jina hili walitumia neno lao ambalo lina maana ya mtu na ya mwanamume pia, na msomaji huelewa mwanamume kwanza. Hilo si jambo dogo, maana jinsia ya sanamu hii imebishaniwa sana: Hahn alikiona kibamba cha pembetatu kilichopo kinenani kuwa dalili ya mwanamume, na Elisabeth Schmid akakiona kuwa dalili ya mwanamke. Jina la Kiingereza limekata shauri kabla ya wataalamu.

Kwa Kiswahili mambo ni mepesi zaidi kuliko ambavyo wafasiri wetu wengi wangedhani, maadam wasifasiri kwa kupitia Kiingereza. *Mtu* hana jinsia, wala viambishi vyetu havimlazimishi mwandishi kuchagua. Na kwa kuwa kiini chetu hutangulia, kama katika *mbwamwitu* na *batamzinga*, tafsiri iliyo sawa ni *mtu-simba*. Kuandika *simba-mtu* ni kumgeuza awe mnyama mwenye sifa ya utu. Zaidi ya hayo, *simba-watu* ni jina lenye historia yake: huwakumbusha Watanzania mauaji ya Singida katika miaka ya 1940, watu walipouawa kwa namna iliyofananishwa na kazi ya simba. Msomaji atakayekutana na jina hilo chini ya picha ya sanamu ya Ujerumani ataingiza ndani yake uchawi na damu, vitu ambavyo mchongaji hakutuachia ushahidi wake wowote.

Wala isidhaniwe kwamba usahihi wa vipimo huponya kosa la maneno. Katika pango la Vogelherd, lililochimbwa na Gustav Riek mwaka 1931, kulipatikana kichwa cha simba ambacho kwa miaka mingi kilielezwa kuwa mchoro wa kuinuliwa, wenye upande mmoja tu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba nusu ya pili ya kichwa imepatikana katika uchimbaji wa miaka ya karibuni; kumbe ilikuwa sanamu kamili ya pande zote. Kama kile kipande cha kwanza kingalipigwa picha za pande tatu zilizo bora kabisa kabla ya hapo, kila milimita ingalikuwa kweli, na maelezo yangalibaki ya uongo.

Kuna neno moja letu lihitajilo uangalifu zaidi, nalo ni *pembe*. Kiswahili hulitumia kwa pembe ya ng'ombe, ya kulungu na ya ndovu, ingawa ile ya ndovu ni jino. Wafanyabiashara wa pwani walitofautisha buri na kalasha kwa ukubwa, kwa kuwa bei ndiyo iliyowashughulisha. Lakini watu wa Swabia walichonga meno ya mamothi na pembe za kulungu wa nchi za baridi pia, na tofauti hiyo ndiyo itafutwayo na mtaalamu. Hata mistari ya Schreger, ionekanayo jino likikatwa kwa upana, husomwa kwa pembe zake: kwa mamothi, karibu na ukingo wa nje, aghalabu huwa chini ya nyuzi 90, na kwa ndovu huzidi hapo. Hapo mwandishi hulazimika kutaja pembe ya pembe, na msomaji hucheka kwa haki! *Jino la mamothi* ni bora, hasa kwa kuwa magazeti ya Tanzania yamekwisha kuzoea *meno ya tembo*.

Mkono wa kushoto wa mtu-simba una alama saba zilizokatwa sambamba. Akiziita *chale*, mwandishi amekwisha kusema kwamba ni ngozi iliyotojwa. Akiziita *mapambo*, amesema ni urembo. Akiziita *hesabu*, amesema zilihesabiwa. Picha ya kompyuta huonyesha upana na kina cha kila moja. Katika kumbukumbu ya Kiswahili yatosha kuandika *mikato saba*.